Jinsi ya kupima athari ya vurugu ya atomu kwenye mitetemo ya masafa ya chini katika vioo vya metali na aloi

Aloi iliyoyeyuka ikipozwa kwa kasi ya kutosha, atomu zake hukosa muda wa kujipanga katika safu za fuwele, na hubaki karibu zilivyokuwa kwenye kimiminika: zimebanana sana, lakini bila mpangilio unaojirudia. Kwa njia hiyo Klement, Willens na Duwez walipata kioo cha kwanza cha metali mwaka 1960, walipopoza mchanganyiko wa dhahabu na silikoni kwa kasi ya takribani kelvini milioni moja kwa sekunde. Neno kioo lisimpotoshe msomaji, kwa kuwa kitu hicho hakipitishi mwanga na kwa macho hakitofautiani na kipande chochote cha metali. Kinachokifanya kiitwe kioo ni ukosefu wa mpangilio wa ndani, ambao katika mwongozo huu nitauita vurugu.

Vurugu hiyo huacha alama kwenye mitetemo ya atomu, hasa ile ya masafa ya chini, yaani kati ya takribani terahezi (THz) 0.3 na 3, ambayo kwa kipimo cha nishati ni kati ya mili-elektronivolti (meV) 1 na 12. Katika eneo hilo kioo huonyesha modi nyingi za mtetemo, yaani namna ambazo atomu hutetema kwa pamoja, kuliko zinazotabiriwa na nadharia ya mawimbi ya sauti ambayo mwanafizikia Debye aliitoa mwaka 1912, na ziada hiyo hujulikana kama kilele cha bosoni. Kuiona ziada si kazi ngumu. Kazi ni kusema kwa haki ni kiasi gani kimetokana na vurugu yenyewe na ni kiasi gani kimetokana na ukweli kwamba kioo ni laini kuliko fuwele yake, kwa sababu mambo hayo mawili huonekana kwenye mchoro mmoja na kwa sura inayofanana. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kuyatenganisha.

Tambua kwanza ni vurugu ya aina gani

Aloi inaweza kuwa na vurugu ya aina tatu, na kila aina hugusa mitetemo kwa njia yake. Ya kwanza ni vurugu ya uzito: atomu zenye uzito tofauti zimekaa ovyo, hata kama nafasi zenyewe zimepangwa vizuri. Ya pili ni vurugu ya nguvu za mfungamano, ambapo chemchemi zinazounganisha atomu jirani, tukizichukulia kuwa chemchemi, zina ugumu usiolingana kutoka mahali hadi mahali. Ya tatu ni vurugu ya nafasi, ambapo hakuna kabisa kimiani, yaani mpangilio wa nafasi unaojirudia. Aloi za fuwele zenye mchanganyiko wa elementi huwa na mbili za kwanza tu. Kioo cha metali kina zote tatu.

Vurugu ya uzito ndiyo rahisi kukokotoa. Chukua sehemu ya kila elementi, izidishe kwa mraba wa (1 − m/M), ambapo m ni uzito wa atomu hiyo na M ni wastani wa uzito wa atomu zote za aloi, kisha ujumlishe. Kwa aloi ya fuwele ya elementi tano CrMnFeCoNi, ambayo Cantor na wenzake waliieleza mwaka 2004, jibu ni takribani 0.002 tu, kwa kuwa elementi hizo zinafuatana kwenye jedwali na uzito wake unakaribiana. Kwa Cu50Zr50 jibu ni takribani 0.03. Kwa Vitreloy 1, yaani Zr41.2Ti13.8Cu12.5Ni10Be22.5, kioo kilichotangazwa na Peker na Johnson mwaka 1993, jibu hufika 0.28, na zaidi ya nusu yake inaletwa na berili peke yake.

Namba hiyo kubwa inaweza kumfanya mtu aamini kwamba berili ndiyo chanzo cha kilele cha bosoni. Sivyo. Atomu nyepesi hutetema hasa kwenye masafa ya juu, na katika masafa ya chini husogea pamoja na majirani zake kama abiria ndani ya basi. Vurugu ya uzito hutawanya mawimbi ya sauti kwa nguvu inayolingana na masafa yaliyopandishwa kwa kipeo cha 4, kwa hiyo masafa yakipungua nusu, mtawanyo hupungua mara 16 na kufifia upesi. Hali inayogeuka ni ile ya atomu nzito chache ndani ya kimiani ya atomu nyepesi, kama dhahabu kidogo ndani ya shaba, ambapo atomu nzito hutetema kwa kujivuta na kuweka mwitikio wake ndani ya eneo la mawimbi ya sauti. Ukiwa na aloi ya namna hiyo, usiite kilele utakachokiona kilele cha bosoni kabla ya kuondoa uwezekano huu.

Tengeneza msingi wa Debye kutoka kwa kasi ya sauti

Hatua hii ndiyo inayobeba kazi yote iliyobaki, nami ningependa mtu aitumie muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Unahitaji vitu vitatu kuhusu sampuli yako hasa, si kuhusu sampuli ya mtu mwingine yenye jina lilelile: densiti, kasi ya mawimbi ya mfinyo (atomu husogea mbele na nyuma kwenye njia ya wimbi) na kasi ya mawimbi mkingamo (atomu husogea kukingama na njia hiyo). Kasi hizo hupimwa kwa mipigo ya ultrasauti kwenye kipande chenye nyuso mbili sambamba zilizosuguliwa vizuri, kwa kuchukua mara mbili ya unene na kuigawanya kwa muda ambao mwangwi hutumia kwenda na kurudi.

Tuchukue Vitreloy 1 kama mfano. Densiti yake ni takribani g 6.1 kwa sentimita ya ujazo, mawimbi ya mfinyo husafiri kwa takribani km 5.17 kwa sekunde na mawimbi mkingamo kwa takribani km 2.47 kwa sekunde. Wastani wa uzito wa atomu ni g 60 kwa moli, kwa hiyo kila mita ya ujazo ina atomu zipatazo 6.1 × 10²⁸. Kasi ya wastani ya Debye, v, hupatikana kutokana na 3/v³ = 1/a³ + 2/b³, ambapo a ni kasi ya mfinyo na b ni kasi ya mkingamo; jibu ni km 2.78 kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa mzizi wa tatu wa (6π²n), ambapo n ni idadi ya atomu kwa ujazo, kisha ugawanye kwa 2π, nawe utapata masafa ya Debye ya takribani THz 6.8, sawa na meV 28 au halijoto ya Debye ya kelvini 326.

Angalia tena jumla ile ya 1/a³ na 2/b³. Katika mfano huu, asilimia 95 ya thamani yake inatokana na mawimbi mkingamo. Maana yake ni kwamba moduli ya mkato, yaani ukinzani wa metali dhidi ya kulazimishwa iteleze pembeni, ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika masafa ya chini, na moduli ya ujazo, yaani ukinzani dhidi ya kubanwa pande zote, ina sauti ndogo. Sasa, kioo cha metali kikilinganishwa na fuwele yake huwa na densiti iliyopungua kwa asilimia 1 au 2 tu, na moduli ya ujazo iliyopungua kidogo, lakini moduli yake ya mkato inaweza kuwa chini kwa asilimia hata 30. Punguza moduli ya mkato kwa asilimia 30 na kasi ya mawimbi mkingamo itapungua kwa asilimia 16. Na kwa kuwa idadi ya modi za chini hutegemea kinyume cha mchemraba wa kasi, idadi hiyo itaongezeka kwa karibu asilimia 70.

Asilimia 70 hizo hazihitaji modi yoyote ya ajabu. Ni mawimbi ya sauti ya kawaida ndani ya kitu laini zaidi. Mtafiti anayeweka mkunjo wa kioo juu ya mkunjo wa fuwele na kuita tofauti yote ziada ya vurugu amekwisha kukosea kabla ya kuanza. Ni kweli kwamba ulaini wenyewe ni zao la vurugu: katika mazingira yasiyo na ulinganifu, atomu zinapolazimishwa kusogea pamoja hazifuati njia iliyonyooka, kila moja hukwepa upande wake kutafuta nafuu, na ukwepaji huo hushusha moduli ya mkato. Lakini ulaini ni athari ya vurugu kwenye rula yenyewe, yaani msingi wa Debye tunaopimia, na kilele cha bosoni ni kile kinachozidi baada ya rula kusahihishwa. Athari hizo mbili ziandikwe kwa namba mbili.

Kama kasi zilipimwa kwenye joto la chumba, kumbuka kwamba metali hukakamaa kidogo inapopozwa, na hivyo msingi unaofaa kwa kelvini 10 uko chini kidogo ya huu. Ukiweza kupima kasi kwenye joto la heliamu kimiminika, fanya hivyo.

Pima uwezo joto kati ya kelvini 2 na kelvini 40

Uwezo joto, C, ni kiasi cha joto kinachopandisha halijoto ya moli moja ya atomu kwa kelvini moja. Katika metali kwenye baridi kali una sehemu mbili kuu: sehemu ya elektroni, γT, na sehemu ya mitetemo, ambayo kwa Debye ni βT³; T ni halijoto, na γ na β ni namba zisizobadilika za sampuli. Thamani ya β kwa kila moli ya atomu ni joule 1944 ukigawanya kwa mchemraba wa halijoto ya Debye. Kwa kelvini 326 ni mJ 0.056 kwa K⁴.

Tumia kipande cha miligramu chache hadi makumi, chenye uso bapa unaogusana vizuri na jukwaa la kipimo, na kabla ya kukiweka upime jukwaa pamoja na grisi peke yake kwenye halijoto zilezile. Grisi isipimwe mara moja na kudhaniwa kuwa sawa siku zote, kwa sababu nayo ni kitu chenye vurugu na ina kilele chake cha masafa ya chini. Nukta ndogo ya ziada chini ya sampuli ndogo inaweza kujitokeza kwenye jibu ikijifanya ni ya metali.

Kuondoa sehemu ya elektroni kunahitaji uangalifu kwa sababu ya hesabu moja rahisi. Tuseme γ ni mJ 4 kwa moli kwa K². Kwenye kelvini 2 elektroni hutoa mJ 8 na mitetemo ya Debye mJ 0.45, kwa hiyo karibu kila unachopima ni elektroni. Kwenye kelvini 15 elektroni hutoa mJ 60 na mitetemo mJ 190 au zaidi. Kosa la asilimia 5 kwenye γ litaharibu sehemu ya mitetemo kwa asilimia 40 kwenye kelvini 3, kwa asilimia 14 kwenye kelvini 5, na kwa chini ya asilimia 2 kwenye kelvini 15. Hivyo sehemu ya kushoto ya mchoro wako, iliyo chini ya kelvini 5, haipaswi kubeba hoja yoyote nzito.

Ili kupata γ, chora C/T dhidi ya T² na uvute mstari kwenye sehemu ya chini kabisa, kwa mfano kati ya kelvini 2 na kelvini 4.5. Usivute hadi kelvini 8 au 10, hata kama mstari unaonekana umenyooka, kwa sababu mguu wa kilele cha bosoni umekwisha kuanza kuinuka hapo na utapandisha mteremko huku ukishusha γ. Aloi nyingi zenye zirkoni hupoteza ukinzani wote wa umeme kwenye kelvini chache za kwanza. Ikiwa sampuli yako ni ya namna hiyo, data iliyo chini ya halijoto hiyo ina umbo jingine kabisa na haifai kwa mstari huu, isipokuwa uiondoe hali hiyo kwa ugasumaku wa kutosha.

Baada ya hapo chora (C − γT)/T³ dhidi ya T kwenye mizani ya logariti, na uchore kwenye mchoro huohuo mstari mlalo wa β iliyotokana na kasi ya sauti. Kioo kitaonyesha nundu, mara nyingi kati ya kelvini 8 na kelvini 20. Kugeuza halijoto ya nundu kuwa nishati ya modi, zidisha kT kwa 4.93, ambapo k ni namba ya Boltzmann, kwa kuwa hapo ndipo modi moja ya Einstein, yaani yenye masafa mamoja tu, hufikia kilele katika mchoro wa C/T³. Nundu iliyo kwenye kelvini 12 hivyo huelekeza kwenye meV 5.1, au THz 1.2. Ni makadirio tu, kwa kuwa ziada halisi ni pana na si modi moja, lakini hutosha kukuambia utazame wapi kwenye kipimo kinachofuata.

Hapa niseme neno kuhusu desturi ya kulinganisha data na jumla ya Debye moja na Einstein moja au mbili. Ukiwa na vigezo vinne au vitano unaweza kupitisha mkunjo kwenye nundu yoyote ile, na kufaulu kwa mkunjo hakuthibitishi kwamba ndani ya kioo kuna atomu zinazocheza peke yake kama walivyozoea kuandika wengi. Fuwele safi nazo huonyesha nundu kwenye C/T³, kwa sababu matawi ya mawimbi mkingamo hulala yanapokaribia mpaka wa kimiani na modi zikarundikana hapo. Aleksandr Chumakov na wenzake, katika kazi za mwaka 2011 na 2014 juu ya vioo vya silikati na silika, walisisitiza kwamba kilele cha bosoni ni mrundikano huohuo wa mawimbi mkingamo uliosogezwa na densiti, na kwamba kioo na fuwele zenye densiti zinazolingana hubeba joto kwa namna inayokaribiana sana. Wengine wanashikilia kwamba vurugu huzaa modi za aina yake. Kwa upande wangu naona mabishano hayo hayawezi kuamuliwa kwa uwezo joto pekee, kwa kuwa kipimo hicho huhesabu modi bila kuuliza zina umbo gani.

Pata msambao wa modi kwa nyutroni

Mtawanyo wa nyutroni hutoa g(ω), yaani idadi ya modi kwa kila kipande cha masafa, ω. Kwa eneo letu, nyutroni baridi zenye urefu wa wimbi wa angstromu 4 hadi 5 zinafaa, na mitambo ya kupima muda wa safari ya nyutroni iliyoko Grenoble nchini Ufaransa, au kwenye vyanzo vya mipigo vya Uingereza, Marekani na Japani, imejengwa kwa kazi kama hii. Chagua unene wa sampuli unaotawanya takribani asilimia 10 tu ya nyutroni zinazoingia, ili chache sana zitawanywe mara mbili, na upime chombo kitupu na kipande cha vanadi pamoja na sampuli.

Kabla ya kuomba muda wa kipimo, angalia kama aloi yako ina boroni, ambayo hutumika sana katika vioo vya chuma. Boroni ya kawaida humeza nyutroni kwa kiwango cha takribani barni 767 (barni ni kipimo cha eneo ambalo kiini cha atomu huonyesha kwa nyutroni), na kipande cha unene wa kawaida kitakuwa giza tupu. Tengeneza sampuli kwa isotopu ya boroni 11, au ubadilishe aloi.

Nyutroni hazihesabu elementi zote kwa haki. Kila elementi huonekana kwa uzani wa eneo lake la mtawanyo likigawanywa kwa uzito wake wa atomu: berili 0.85, nikeli 0.32, shaba 0.13, titani 0.09 na zirkoni 0.07. Katika Vitreloy 1, zirkoni ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya atomu zote husikika kwa sauti ndogo kuliko berili. Upendeleo huo hupotosha sana masafa ya juu, ila katika masafa ya chini kabisa hupungua, kwa sababu huko atomu zote husogea kwa umbali uleule na elementi nzito hujipatia sehemu kubwa zaidi ya modi. Msambao unaopatikana uitwe msambao wenye uzani, na usilinganishwe na uigaji wa kompyuta mpaka matokeo ya uigaji nayo yapewe uzani huohuo.

Chora g(ω)/ω² pamoja na kiwango cha Debye, ambacho kwa msambao uliosawazishwa kuwa na eneo la 1 ni 3 ukigawanya kwa mchemraba wa nishati ya Debye. Kwa meV 28.1 ni 1.35 × 10⁻⁴ kwa meV³. Kisha fanya jaribio la rula: kwa kioo, fuwele, na kila sampuli uliyoipasha au kuiharibu kwa makusudi, chora upya mkunjo huku mhimili wa masafa ukigawanywa kwa masafa ya Debye ya sampuli hiyohiyo, na mhimili wa wima ukizidishwa kwa mchemraba wake. Mikunjo ikilaliana, mabadiliko yote yalikuwa ya ulaini wa jumla. Isipolaliana, kilichobaki ndicho ziada ya vurugu, na hicho ndicho unachoweza kukitolea namba.

Kuhusu fuwele ya kulinganisha, tahadhari. Vitreloy 1 ikipashwa hadi ifanye fuwele hugawanyika katika awamu kadhaa zenye muundo tofauti wa kikemia, kwa hiyo unalinganisha kioo kimoja na mchanganyiko wa vitu vingi. Cu50Zr50 ina fuwele nadhifu ya muundo uitwao B2, ila fuwele hiyo ni thabiti kwenye joto la juu tu, na ikipozwa hugeuka martensaiti, fuwele ya muundo mwingine. Hakuna jozi kamilifu, na aliyepata jozi isiyo kamilifu aseme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Iga kwa kompyuta ili kuona umbo la modi

Uigaji hukupa kile ambacho hakuna kipimo cha maabara kinachotoa: mwelekeo na ukubwa wa mwendo wa kila atomu katika kila modi. Kwa Cu na Zr kuna potenshali (kanuni za kukokotoa nguvu kati ya atomu) za aina ya atomu iliyozamishwa katika wingu la elektroni ambazo zimetumiwa kwa miaka mingi, na programu ya LAMMPS inazisoma moja kwa moja. Yeyusha atomu 10,000 kwenye kelvini 2000, zipoze kwa shinikizo sifuri hadi karibu na kelvini sifuri, zishushe hadi kwenye sakafu ya nishati, kisha kokotoa matriki ya nguvu kati ya kila jozi na upate masafa yake. Kasi za kupoza katika uigaji, kelvini 10¹⁰ hadi 10¹³ kwa sekunde, ni kubwa mno kuliko za maabara, kwa hiyo kioo cha kompyuta kina vurugu kupita kile cha kweli. Tengeneza angalau vioo vitatu kwa kasi tatu na utazame mwelekeo wa mabadiliko, badala ya kuamini namba moja.

Kisanduku cha uigaji kina mpaka wake wa chini. Wimbi refu linaloweza kuingia ni la urefu wa upande wa kisanduku, na kwa atomu 10,000 upande huo ni takribani nanomita 5.5, hivyo mawimbi mkingamo ya kwanza hutokea karibu na THz 0.45 kwa kasi ya km 2.47 kwa sekunde. Chini ya hapo hakuna mawimbi. Modi 12 za kwanza zitajikusanya karibu na masafa hayo kama kichaka kidogo, na mgeni wa kazi hii anaweza kukiona kichaka hicho kwenye g(ω)/ω² na kukiita kilele. Badilisha ukubwa wa kisanduku: kichaka kitahama, kilele cha kweli hakitahama.

Faida kubwa ya uigaji ni kwamba unaweza kuzitenganisha vurugu tatu moja baada ya nyingine. Matriki ya nguvu haitegemei uzito wa atomu, kwa hiyo baada ya kupata kioo zipe atomu zote uzito mmoja wa wastani na ukokotoe masafa upya. Tofauti ya mikunjo miwili ni mchango wa vurugu ya uzito, bila kitu kingine kubadilika. Halafu chukua fuwele, changanya elementi zake ovyo kwenye nafasi za kimiani bila kuharibu kimiani, na ushushe nishati: hapo una vurugu ya kikemia na ya nguvu bila vurugu ya nafasi. Kagua baada ya kushusha kwamba kimiani bado ipo, kwa kuwa elementi zenye ukubwa tofauti sana kama shaba na zirkoni zinaweza kuivunja na kukuachia kioo kingine. Pia hakikisha hakuna masafa ambayo mraba wake ni hasi, dalili kwamba muundo haujatua.

Kwa kila modi kokotoa uwiano wa ushiriki: jumla ya miraba ya mwendo wa atomu, ikiinuliwa kwenye mraba, ukigawanya kwa idadi ya atomu na kwa jumla ya vipeo vya nne vya mwendo huo. Wimbi safi lililosimama hutoa 2/3, na modi ya atomu moja inayocheza peke yake hutoa 1/N. Modi laini za kioo hukaa katikati, mara nyingi zikiwa na kiini cha atomu makumi kadhaa zinazosogea sana na mkia mrefu unaofifia polepole. Modi za namna hiyo, zikitenganishwa na mawimbi, huongezeka kwa masafa yaliyopandishwa kwa kipeo cha 4, jambo ambalo Lerner, Düring na Bouchbinder walilionyesha mwaka 2016 kwa kutumia visanduku vidogo vya kutosha kuyasukuma mawimbi juu na kuziacha modi laini peke yake chini.

Tafuta pia masafa ambayo mawimbi mkingamo yanaacha kuwa mawimbi. Kokotoa mwitikio wa mkingamo kwa urefu mbalimbali wa wimbi, pima upana wa kila mstari, na uone ni wapi upana ukizidishwa kwa π unalingana na masafa yenyewe. Hapo wimbi hufa kabla ya kukamilisha mzunguko mmoja. Shintani na Tanaka walionyesha mwaka 2008 kwamba kikomo hicho kwa mawimbi mkingamo huangukia pale kilele cha bosoni kilipo, huku mawimbi ya mfinyo yakiendelea kusafiri hadi masafa ya juu zaidi. Mikunjo yako ikikubaliana na jambo hilo baada ya jaribio la rula, una sababu nzuri ya kuihusisha ziada na mtawanyo unaoletwa na ugumu usiolingana kutoka mahali hadi mahali.

Mwisho wa uigaji, gawa atomu kwa ujirani wake. Katika vioo vya Cu na Zr vyenye shaba nyingi, atomu nyingi za shaba huzungukwa na majirani 12 katika umbo la ikosahedroni, yaani lenye nyuso 20 za pembetatu, na hizo hushiriki kidogo katika modi laini. Zinazoshiriki zaidi ni zile zenye ujirani usiolingana na umbo lolote nadhifu, kama Jun Ding na wenzake walivyoripoti mwaka 2014 kwa Cu64Zr36.

Pasha, vuruga, pima tena

Sampuli moja iliyopimwa mara moja haitoshi. Chukua vipande viwili kutoka kwenye fimbo moja. Kimoja kipashe kwa saa kadhaa kwenye kelvini 40 au 50 chini ya halijoto ya mpito wa kioo, ambayo kwa Vitreloy 1 ni takribani kelvini 620, kisha ukipime kwa eksirei kuhakikisha hakuna fuwele iliyoanza. Kingine kivuruge, kwa kukiviringisha kwa nguvu au kwa kukizamisha mara nyingi kwenye nitrojeni kimiminika ya kelvini 77 na kukirudisha kwenye joto la chumba, mbinu iliyoripotiwa na Ketov na wenzake mwaka 2015. Kipande kilichopashwa kitakuwa na moduli kubwa zaidi ya mkato na nundu fupi iliyosogea kidogo kulia. Kilichovurugwa kitaelekea upande wa pili.

Pima kasi ya sauti upya kwa kila kipande kabla ya kupima uwezo joto, si baada ya kuchora matokeo. Ripoti moduli ya mkato, β ya sauti, β ya mstari wa C/T, urefu wa nundu juu ya β ya sauti na halijoto yake, kila kimoja na kosa lake, na useme mstari wa γ ulivutwa kati ya halijoto zipi. Ikiwa urefu wa nundu kabla ya kugawanywa kwa β ya sauti umebadilika kwa asilimia 10 na baada ya kugawanywa umebadilika kwa asilimia 2 ilhali kosa lako ni asilimia 3, basi ulichokipima ni ulaini, na hivyo ndivyo kiandikwe.